Bunduki Begani kwa Concessa

Jumanne ya pili ya Novemba, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, Concessa Nahimana alikuwa amesimama mlangoni kwake, ghorofa ya tatu huko Hagsätra, pembezoni mwa Stockholm, akifunga zipu ya koti, alipohisi mkanda umemkaa begani. Alidhani ni mkoba. Mkoba ulikuwa mkononi. Aligeuza shingo akaona mtutu umechungulia juu ya bega la kulia, na kitako kinamgonga nyonga. Ilikuwa bunduki ndefu ya kijeshi. Kitako kilikuwa kimepasuka zamani, na mtu alikifunga kwa waya wa bluu, mizunguko saba.

Aliitambua papo hapo. Mara ya mwisho alikuwa ameiona mwaka 1996, saa tisa alasiri, kwenye kizuizi cha barabarani nje ya Bugarama, nchini kwao, mikononi mwa mwanamume aliyewaambia abiria wa basi washuke. Mume wake Thierry alishuka wa tatu. Concessa alikuwa wa nne, na mimba ya miezi mitano.

Akatazama saa, akaona treni itamwacha. Akavaa kofia, akatoka.

Kwenye treni alipata kiti dirishani. Kiti cha jirani yake kilibaki kitupu, lakini hata kabla ya bunduki kiti hicho kilikuwa na desturi ya kubaki kitupu. Watu walisoma simu zao. Walipofika kituo cha Gullmarsplan bwana mmoja mwenye kofia ya baiskeli alimwinamia, akamweleza kwa upole kwamba kubeba silaha hadharani hakuruhusiwi. Concessa alikubali. Alimwambia kwa Kiswidi kwamba hata kule ilikotumika hakukuwa na ruhusa.

Polisi wawili waliingia kituo cha Skanstull. Walimwomba aiweke chini, naye akaiweka chini, kisha wakatoka naye mmoja mbele na mmoja nyuma, yule wa nyuma akiwa ameishika bunduki kwa mikono miwili. Kwenye ngazi ya kumi yule wa nyuma akabaki ameshika hewa. Bunduki ilikuwa imerudi begani kwa Concessa. Polisi hao walitazamana, mmoja akaandika saa na dakika kwenye daftari.

Juma lile polisi waliipokea bunduki mara tano na kumpa stakabadhi tano. Waliifungia kwenye kabati la chuma, wakaifungia kwenye kabati lingine ndani ya lile la kwanza. Kila mara Concessa alifika nyumbani akaikuta imemwahi begani kabla hajavua viatu. Fundi wao aliikagua, akasema haina risasi ila ni nzima, inaweza kufanya kazi kesho. Mwendesha mashtaka alipiga simu, akasema mtu anayekabidhi silaha kila anapoombwa hawezi kushtakiwa kwa kuwa nayo.

Faili likamwangukia Inspekta Malin, mama wa makamo mwenye nywele fupi za mvi, ambaye hakuwa mtu mbaya. Alimkaribisha kahawa, akamsikiliza habari yote mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akauliza kama hawezi angalau kuifunika.

“Naweza,” alisema Concessa. “Sitaki.”

Mtu wa kwanza kumpinga kwa hasira alitoka ndani ya nyumba yake. Binti yake Ghislaine alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, alifanya kazi ofisi ya bima huko Sundbyberg, na alikuwa hajapata fleti yake mwenyewe kwa sababu foleni ya nyumba za kupanga mjini humo ilikuwa ndefu kuliko umri wake. Mama alimsemesha Kiswahili, yeye akajibu Kiswidi. Ndivyo walivyoishi tangu aanze shule. Jioni moja juma lile alisema mengi. Alisema wafanyakazi wenzake wameona picha mtandaoni. Alisema watu kama wao hutazamwa mara mbili hata wakiwa wamebeba mikate tu. Akaleta mfuko mrefu wa skii, zile mbao za kutelezea thelujini, alioazima kwa jirani, akasema msimu umekaribia, hakuna atakayeuliza.

Concessa aliuacha mfuko mezani. Alimwambia binti yake kwamba kwa miaka ishirini na tisa kitu hiki kimefichwa na watu wengi, wenye ofisi na wasio na ofisi, na hata yeye mwenyewe amekificha, maana alimwambia mtoto kwamba baba yake alikufa vitani, kana kwamba vita ni homa. Kisha akamsimulia kizuizi, basi, na wale watatu walioshuka mbele yake. Hakulia. Alisimulia kama mtu anavyoelekeza njia.

Ghislaine aliihesabu mizunguko ya waya wa bluu kwa kidole. Alipofungua kinywa, alisema kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayepita kwenye barafu.

“Baba alikuwa amevaa nini?”

“Shati la kijani. Kifungo cha pili hakikuwepo. Nilimwambia nitakishona tukifika.”

Asubuhi Ghislaine aliurudisha mfuko wa skii kwa jirani.

Jumapili Concessa alikwenda kwenye ibada ya Kiswahili huko Sundbyberg, katika ukumbi ambao Warundi, Wakenya na Wakongo waliukodi saa za mchana. Mchungaji Bethuel, Mkenya aliyekuja zamani kusoma uhandisi, alimsubiri mlangoni. Alimwambia kwa heshima zote kwamba nyumba ya Bwana si mahali pa silaha, na kwamba pengine hii ni ishara kuwa dada bado hajasamehe.

“Mchungaji, nilisamehe mwaka 2004,” alisema Concessa. “Yule bwana wa kizuizini aliniandikia barua kutoka gerezani, nikamjibu. Bunduki haijaniomba chochote.”

Mchungaji akamwomba basi akae nyuma. Concessa akaenda kukaa safu ya pili, mahali pake pa miaka yote, akaimba sauti ya pili kama kawaida. Mkanda ulikuwa ukimbana akivuta pumzi, kwa hiyo aliimba kwa nguvu zaidi. Baada ya ibada wengine walikunywa chai wakiwa upande wa pili wa ukumbi. Rafiki yake Nyokabi, mfanyakazi wa maabara aliyetoka Nyeri, alimletea kikombe, akatafuta mahali pa kuweka pochi yake asipaone, akaitundika kwenye mtutu.

“Si unyooke kidogo, itaanguka,” alisema Nyokabi, kisha akaendelea na habari za shemeji yake.

Kazini ndiko kulikokuwa na vikao. Concessa alikuwa mpishi msaidizi katika nyumba ya wazee huko Vällingby. Msimamizi, kijana mpole wa miaka thelathini, aliitisha kikao cha kwanza kuuliza wafanyakazi wanajisikiaje, na cha pili kuuliza walijisikiaje katika kile cha kwanza. Ndugu wa mzee mmoja walikuwa wameandika malalamiko. Ikaamuliwa Concessa asipeleke chakula ukumbini. Akae chumba cha kuoshea vyombo, mlango ufungwe. Concessa alisema ataosha vyombo, ila mlango hataufunga. Akauzuia kwa ndoo.

Kwa sababu mlango ulikuwa wazi, Ragnhild aliingia. Ragnhild alikuwa na umri wa miaka tisini na tatu, anatembea kwa kusukuma kigari, na mikono yake ilitetemeka hata akawa analishwa. Majina ya wanawe yalikuwa yamemtoka. Alisimama nyuma ya Concessa aliyekuwa ameinamia sinki, akaweka kidole juu ya chuma, karibu na kifyatulio, akapapasa kama mtu anayetafuta uvimbe chini ya ngozi.

“Hii ni yangu,” alisema.

Concessa alizima maji. Alimwambia kwamba ilikuwa ya mwanamume mmoja kule kwao.

“Kabla yake ilikuwa yangu. Tazama.”

Chini ya namba iliyochongwa kwenye chuma, mahali ambapo fundi wa polisi alidhani ni mkwaruzo, palikuwa na herufi R ndani ya duara dogo. Ragnhild alikuwa amefanya kazi miaka kumi na minane katika kiwanda cha silaha, mji mmoja wa magharibi. Alikuwa mkaguzi. Kila bunduki aliyoridhika nayo aliigonga muhuri ule.

Akanyoosha mikono. Concessa akauvua mkanda, akampa, na kwa mara ya kwanza bunduki haikurudi begani. Ragnhild akaketi kwenye kiti cha kigari chake, akaifungua. Mikono haikutetemeka. Vipande alivipanga mezani kwenye taulo, kila kimoja mahali pake, akavipangusa, akaviangalia kwenye mwanga, akavirudisha. Haikuchukua dakika tatu. Alipomaliza alivuta chuma nyuma, akakiachia, akasikiliza mlio wake, akaitikia kwa kichwa.

“Bado nzima,” alisema.

Concessa akamuuliza kama walijua zinakwenda wapi.

“Masanduku yaliandikwa jina la bandari. Oda kubwa ikikamilika tulipewa keki ya krimu.” Akamtazama. “Nani alipigwa nayo?”

“Mume wangu.”

“Risasi ngapi?”

“Moja.”

Ragnhild aliwaza, akaipapasa R yake.

“Haikuwa inapindisha risasi,” alisema.

Concessa alipiga hatua moja kuiendea. Aliona angeweza kuinyakua bunduki ile na kuitupa dirishani, na aliona pia kwamba ingerudi. Vidole vya bibi vilikuwa vimejaa grisi, na vilikuwa vimeanza kutetemeka tena. Akachukua kitambaa chenye maji ya moto, akavifuta kimoja kimoja, kwa kusugua zaidi ya ilivyohitajika, maana ilikuwa karibu saa ya chakula cha mchana. Ragnhild hakulalamika. Alipotoka na kigari chake, bunduki ilikuwa begani kwa Concessa, nyepesi kidogo kwa kuwa ilikuwa safi.

Siku ile ile Concessa alimpigia simu Inspekta Malin, akamsomea namba na muhuri. Malin aliandikia kiwanda, na kiwanda kikaandikia ofisi nyingine, na baada ya wiki tatu jibu likaja. Concessa na Ghislaine walikwenda pamoja kulisikiliza. Bunduki yenye namba hiyo, barua ilisema, iliuzwa kihalali mwaka 1978 kwa mnunuzi mwenye haki ya kununua. Kumbukumbu za mnunuzi zinaonyesha kwamba iliharibiwa mwaka 1998 mbele ya mashahidi. Kwa hiyo bunduki hiyo haipo, na haiwezi kuwa Stockholm.

Bunduki iligonga mgongo wa kiti Concessa alipojiweka sawa.

Malin alieleza kwamba mambo yamekuwa mepesi. Kama hakuna silaha, hakuna kosa, na faili linafungwa leo. Aliomba jambo moja tu, kwa ajili ya utulivu wa watu: Concessa aifunike awapo barabarani.

“Kitu kisichokuwepo hakifunikwi,” alisema Concessa.

Ghislaine alikuwa akiisoma barua kwa mara ya pili. Aliuliza, kwa Kiswidi chake kizuri cha ofisi ya bima, kama baba yake basi aliuawa na nini. Malin alivua miwani. Alisema swali hilo haliko kwenye kitengo chake, lakini lina fomu. Ghislaine akaomba fomu. Waliijaza pale pale, kurasa nne, na mahali palipoandikwa “maelezo mengine” Concessa aliandika kwa mkono wake, kwa Kiswahili: shati la kijani, saa tisa alasiri. Walipewa stakabadhi ya sita.

Jibu halijaja. Mwanzoni Ghislaine alipiga simu kila wiki. Sasa hupiga kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na wapokea simu humshukuru kwa kupiga.

Kufikia Februari watu walikuwa wamezoea. Madereva wa treni walimngoja akikimbia, kwa sababu walijua hawezi kukimbia sana na mzigo ule. Mafua yalipowaangusha wafanyakazi sita katika nyumba ya wazee, msimamizi alimrudisha ukumbini bila kuitisha kikao, na wazee wakala. Ragnhild alilishwa na Concessa mwenyewe. Hakuikumbuka tena bunduki. Alikumbuka keki.

Jumatano moja mwezi ule gazeti la bure lililokuwa limeachwa kwenye kiti lilikuwa na picha ya kile kiwanda cha silaha. Kilikuwa kimepata oda kubwa kuliko zote tangu kianzishwe, na kingeajiri watu mia mbili zaidi. Meya wa mji alisema ni siku njema kwa familia nyingi. Concessa alilisoma lote, kwa sababu safari ya kutoka Hagsätra hadi Vällingby haina haja ya kubadilisha treni na ina muda wa kutosha. Kisha akalikunja, akalirudisha alipolikuta.

Kituo cha Odenplan aliingia mama mmoja mwenye koti zuri la sufu, akaketi mbele yake. Hakuwa mtu wa njia ile. Aliitazama bunduki, akatazama nje, akaitazama tena, akasema kwa adabu kwamba hataki kumuudhi, lakini je, hafikirii kuna mahali panapofaa zaidi kwa kitu kama hiki?

“Kama wapi?” aliuliza Concessa.

Mama yule aliwaza kwa moyo safi kutoka Odenplan mpaka Fridhemsplan.

“Sijui,” alisema. “Mahali mbali.”

“Ilishakwenda huko,” alisema Concessa.

Treni ikatoka chini ya ardhi, mwanga ukaingia. Vällingby Concessa alisimama, akasema samahani kwa wote ambao mtutu ungeweza kuwagusa, akashuka, akaenda kupika uji wa wazee arobaini na wawili.