Kopo la Vitovu

Tone moja la damu ndilo lililomponza Nyaboke, na hata hilo lilikuwa dogo kuliko punje ya mtama.

Jumapili ya kwanza ya Agosti 2019, Queen, binti wa Mchungaji Absalom, alianguka katikati ya nyimbo. Alikuwa na miaka kumi na sita. Kiyoyozi cha ukumbi ambao kanisa lao la Wakenya lilikodi pale Richardson, Texas, kati ya duka la magurudumu na saluni ya kucha, kilikuwa kimeharibika, na nje joto lilikuwa nyuzi thelathini na tisa. Watu wakaanza kukemea pepo. Nyaboke, muuguzi mwenye uzoefu wa miaka kumi na minne, akafungua mkoba wake, akamchoma binti kidole, akasoma kipimo, kisha akasema wazi mbele ya kila mtu:

"Mchungaji, huyu mtoto ana siku tatu hajala wala kunywa maji. Sukari imeshuka. Anahitaji hospitali, si mafuta ya upako."

Ilikuwa kweli. Lakini mfungo ule mkavu wa siku tatu alikuwa ameutangaza Absalom mwenyewe, na ukweli akiambiwa mkubwa mbele ya washirika mia mbili hugeuka tusi. Absalom alitabasamu tu. Jumapili iliyofuata alihubiri kuhusu damu ya mtoto iliyochukuliwa mbele ya madhabahu.

"Damu ile iko wapi leo?" aliuliza.

Ilikuwa kwenye kijiti cha kipimo, na kijiti kilikuwa kimetupwa pamoja na takataka nyingine, ila hakuna aliyeuliza ili ajibiwe. Kabla mahubiri hayajaisha wasichana wanne walikuwa sakafuni, wakilia kwamba kuna mtu anawavuta damu. Queen mwenyewe alikuwa ametundikiwa maji hospitalini jioni ile ile aliyoanguka. Hilo halikuhubiriwa.

Jumatano akina mama watano wakaja kwa Nyaboke kumwombea. Mgeni wa Kikenya hakai akimtazama mwenyeji akihangaika na sufuria, kwa hiyo mmoja wao aliingia jikoni kupika chai.

"Majani yako wapi, dada?" aliita, na kabla hajajibiwa akafungua kopo la biskuti lililokuwa juu ya kabati. Kilichofuata kilikuwa yowe.

Ndani mlikuwa na vifurushi kumi na viwili vya chachi, na ndani ya kila kifurushi kitovu cha mtoto kilichokauka. Mama wa kanisa lile akijifungua, kitovu cha mtoto kikidondoka, hakuwa na moyo wa kukitupa kwenye pipa la Texas. Alitaka kizikwe nyumbani, kwa nyanya wa mtoto. Absalom alikuwa amepiga marufuku mambo ya mila, kwa hiyo vitovu vilipelekwa kwa Nyaboke kimyakimya, naye alivisafirisha kila alipokwenda Kenya. Tangu 2017 hati zake za ukaazi zilikuwa zimekwama na hakuthubutu kusafiri. Kopo likajaa. Juu ya kila kifurushi aliandika kama alivyofundishwa kazini, bila jina la mtu: tarehe ya kuzaliwa, uzito, na mahali pa kuzika. Wale mama waliondoka na kopo, na Nyaboke akaitwa kujieleza kanisani Jumapili.

Ijumaa alimpigia Theodora, rafiki yake wa Gulfton, kule Houston, amwombe mahali pa kukaa kwa muda.

"Niambie kwanza," Theodora alisema. "Ni kweli ni vidole vya watoto?"

"Nani amesema vidole?"

"Huku tunasikia vidole. Mwingine anasema ndimi."

Nyaboke alikata simu. Nyumba zote za kulelea wazee alikofanya zamu zilikuwa za watu wa kanisa au marafiki zao. Jina lake ndilo lililokuwa likimpa mkate, na jina hilo lilikuwa limefika Houston kabla yake. Palikuwa na njia moja ya kulirudisha: mama mmoja, hata mmoja tu, asimame aseme kweli. Jumamosi alasiri akaenda kwa Everline, mmoja wa waliompa vitovu.

"Umeegesha wapi?" Everline aliuliza kabla ya salamu. Mtoto wake wa miaka miwili alikuwa amemng'ang'ania mguu.

"Hapo mbele."

"Woi! Samson akirudi ataliona hilo gari."

"Everline, nataka maneno mawili tu kesho. 'Nilimpa mimi.' Basi."

"Si uyaseme wewe?"

"Nikisema mimi nitaaminiwa na nani? Na mtu akinikabidhi siri ya mwili wake siitangazi. Siri ni yako. Ruhusa ni yako."

"Dada, mume wangu Samson ni shemasi. Shemasi gani mke wake anatuma kitovu kwa nyanya kule Malava? Watamvua cheo, na yeye atanimalizia hasira mimi."

"Na mimi watanivua nini?"

Everline alimpakata mtoto. "Wewe angalau uko peke yako," alisema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyekwisha kupima mizigo miwili na kuona upi mwepesi kutupa.

Jumapili kopo liliwekwa juu ya meza ya sakramenti na Nyaboke akakalishwa kiti cha mbele. Absalom aliinua kifurushi kimoja na kusoma kwa sauti.

"Kilo tatu nukta moja! Mmesikia? Wanapima roho za watoto wetu kwa mizani!"

"Si ni Mkisii, wa kule kwa wachawi?" mtu alisema nyuma. "Mlidhani ameleta nini Amerika, ndizi?"

Kicheko kikazunguka ukumbi.

"Hicho kimeandikwa Malava," Nyaboke alisema. "Malava si Kisii."

"Dada yetu," Absalom alisema, sasa kwa upole, "kiri. Dakika tano tu. Tunakuombea, kesho unarudi kazini."

"Nikiri nisilolifanya?"

"Basi taja waliokupa."

Aliwajua wote tisa, maana wengine walikuwa wameleta zaidi ya kimoja. Aliwaangalia mmoja mmoja, na kila aliyemfikia aliinamia Biblia yake. Majina yalikuwa mdomoni. Ilibaki kufungua tu.

"Wenyewe wanajijua," alisema. "Nawasihi wasimame."

Kiyoyozi kipya kilinguruma. Hakuna kiti kilicholia.

Wakatoka wote hadi uwanja wa magari, ambako jiko la kuchomea nyama lilikuwa limewashwa mkaa. Kwao wengi husema mtoto ambaye kitovu chake kimeungua hatakuwa na kwao. Nyaboke hakuamini, alikuwa ameona vitovu vingi mno katika mifuko ya taka za hospitali. Lakini wale wanawake tisa waliamini, na kila kifurushi kilipoangukia makaa aliona mgongo wa mmoja wao ukikakamaa. Bado hawakusema. Kumi na kimoja vikaisha. Absalom akainua cha mwisho.

"Tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu, elfu mbili na kumi na saba—"

Everline alianguka. Alipiga kelele, akajipindapinda juu ya lami, na Absalom akashtuka, kifurushi kikamdondoka. Miguu ya Nyaboke ilikwenda kabla yake. Alipiga magoti, akamgeuza ubavu, akashika mshipa. Mapigo yalikuwa ya kasi lakini sawasawa. Alipojaribu kumfungua kope, zilimkatalia. Mtu aliyezimia hafumbi macho kwa nguvu.

"Cha Malava, dada," Everline alinong'ona. "Kiokoe." Kisha akapaza sauti: "Ananichoma! Mwondoeni! Ananichoma!"

Kifurushi kilikuwa hatua mbili tu kutoka hapo, karibu na kiatu cha mchungaji. Asipokigusa, angebaki mshtakiwa aliyekana. Akikigusa, kesi imekwisha. Nyaboke alisimama, akakiokota, akakitia mfukoni.

"Mmeona kwa macho yenu!" Absalom alisema. "Cha nani hicho?"

"Ni changu."

Huo ndio uongo pekee aliousema katika majuma yale mawili, na ndilo neno lake pekee waliloliamini. Walimwachia njia mpaka kwenye gari. Samson aliwafunika watoto nyuso kwa mikono yake miwili.

Kwenye taa za kuingilia barabara kuu simu ilitetemeka. Alikuwa ameondolewa katika kundi la WhatsApp la kanisa, kisha la wauguzi, kisha la watu wa kwao. Kisha ukaja ujumbe wa Everline, na kwenye kioo cha simu aliweza kusoma neno la kwanza: *Asante*. Taa ilikuwa bado nyekundu. Alipoufungua, ulikuwa umeshafutwa.