Mitamba wa Kaltuma kwenye Zizi la Gakii

Kaltuma alipoomba zizi, Gakii alikubali kabla hata hajafikiria vizuri. Walikuwa wamesimama kwenye waya unaotenganisha mashamba yao huko Burat, kila mmoja upande wake, na ombi lenyewe halikuonekana kubwa. Kaltuma alikuwa na mitamba watano waliofika umri wa kuachishwa kunyonya. Angewaacha zizi moja na mama zao wangerudia maziwa tu. Zizi la Gakii nalo lilikuwa tupu tangu mume wake, Mwongera, alipofariki na ng'ombe wakapelekwa kwa shemeji yake Meru.

"Wataonana na mama zao hapa kwenye waya," Kaltuma alieleza. "Watasikiana, watanusana. Kunyonya tu ndiko hakuna. Ni siku chache za kelele, Mama Linda, halafu wanatulia."

"Lakini mimi sijui ng'ombe, Mama Roba."

"Kazi ni yangu. Wewe nipe zizi."

Ni kweli hakujua ng'ombe. Mwongera ndiye aliyekamua na kulisha miaka yote ile. Gakii alikuwa mtu wa vitunguu na sukuma wiki. Tena aliwaogopa. Alipokuwa msichana, dume la jirani lilimbana kwenye ukuta wa ghala mpaka akakosa pumzi, na hadi leo akikutana na ng'ombe njiani alihama njia akawapisha.

Isacko, mume wa Kaltuma, akaja na sururu akang'oa nguzo zilizoliwa na mchwa na kuweka mpya. Zile za upande wa barabara aliziacha, maana alizitikisa akaona bado zimesimama. Kaltuma naye alilaza hori la majani na pipa la maji lililopasuliwa katikati, vyote ukingoni, vimegusana na waya.

"Si ungeweka katikati?" Gakii aliuliza.

"Wakifika watazunguka ukingoni wakitafuta njia ya kutoka. Wacha wajikwae kwenye chakula hukohuko."

Walizunguka kweli. Walilia tangu walipofungiwa, na mama zao wakawajibu kutoka ng'ambo, mpaka Gakii akazima redio maana haikuwa na faida. Majani hawakuyagusa. Alisimama kwenye dirisha la jikoni na bakuli la mchele mkononi akawatazama, na ingawa alikuwa ameonywa kuhusu kelele, hakuna aliyemwonya kwamba angewahurumia.

Kesho yake Kaltuma na Isacko walienda Ngaremara kuchukua marobota ya nyasi kavu. Gakii aliachiwa kazi moja tu: kujaza pipa kwa mpira wa maji, akiwa nje ya waya. Alikuwa ameshika mpira huo helikopta ya jeshi ilipotokea upande wa kambini, ikipita chini kuliko kawaida. Mlio ulitikisa mabati ya nyumba. Mitamba waliinua mikia wakakimbilia upande wa barabara, wote kwa pamoja, wakajigonga kwenye waya. Nguzo ya kona ikainama. Wakarudi nyuma, wakajigonga tena, ikainama zaidi. Nje ya pale kulikuwa na barabara yenye malori.

Gakii alimpigia Kaltuma simu.

"Usiwafukuze," Kaltuma alisema, sauti ikikatika kwa upepo. "Usipige kelele. Ingia, usimame kati yao na ile nguzo. Taratibu. Hawatakukanyaga."

"Niingie ndani?"

"Ndani, dada yangu. Sisi tunarudi."

Gakii alifungua kilango. Baadaye hakukumbuka alivyoamua. Alikumbuka tu matope yalivyovuta ndala yake moja ikabaki nyuma. Alipita kandokando ya waya mpaka akafika kwenye ile nguzo, akaipa mgongo. Mitamba walikuwa mbele yake, mapua wazi, macho yameonyesha weupe. Mweusi mmoja akapiga ardhi kwato. Gakii alihisi ukuta wa ghala mgongoni kama zamani.

Akafungua mdomo aseme lolote, na yaliyotoka yakawa maneno ya Mwongera. Yalikuwa ya Kimeru, ya kipuuzi, yale aliyokuwa akiwaambia ng'ombe kila asubuhi wakati wa kukamua: kwamba wao ni mabibi wakubwa, kwamba shingo zao ni nzuri, kwamba asiyetaka kusimama vizuri atapelekwa shule. Kwa miaka mingi Gakii aliyasikia kupitia dirisha la jikoni na kudhani yeye hayasikilizi. Sasa yalimtoka yote, kwa mpangilio wake, na hata kile kikohozi kidogo cha katikati.

Helikopta ilikwisha kwenda zamani. Mitamba waliacha kusukumana. Mwekundu mwenye doa jeupe tumboni akanyoosha shingo, akapiga hatua, akanusa leso ya Gakii, akaanza kulamba pindo lake kwa ulimi mkavu. Gakii alifunga macho akaendelea kusema. Alipofumbua, mwekundu alikuwa amegeuka kufuata harufu ya maji. Wenzake wakamfuata. Walikunywa kwa muda mrefu, kisha mmoja akavuta majani kwenye hori, akatafuna.

Kaltuma aliporudi mbio alimkuta jirani yake amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa palepale konani, nguzo imefungwa kwa mpira wa maji. Mitamba watatu walikuwa wamelala wakicheua.

"Salaam aleikum," Kaltuma alisema polepole, asiwashtue. Kisha akaona uso wa mwenzake umelowa. "Wamekuumiza?"

"Hapana." Gakii alijifuta kwa kiganja. "Nimemsikia Baba Linda, Mama Roba. Nimemsikia kwa mdomo wangu mwenyewe."

Kaltuma aliingia, akachuchumaa kando ya ndoo, bega lake likagusa goti la Gakii. "Niambie basi alikuwa anasemaje," akasema. Gakii akamtafsiria. Walipofika mahali pa kupelekwa shule, Kaltuma alicheka mpaka ikabidi ajizibe kinywa kwa buibui.

Jioni ile Isacko alisimika nguzo mpya upande wote wa barabara. Kelele ziliendelea siku kadhaa, zikipungua, mpaka asubuhi moja mama wa mitamba walipotolewa kwenda malishoni, ni mmoja tu kati ya watano aliyeinua kichwa. Gakii alikuwa ndani ya zizi, akigawa majani kwenye hori kwa mikono miwili na kumsukuma mwekundu kwa kiuno ili yeye mwenyewe apate nafasi ya kupita.