Saba ya Kahigi

Samaki hana mdomo wa kushtaki. Akichoshwa na maji yako, anakugeuzia tumbo. Celestina wa Bugene alikuwa amegeuziwa matumbo mia mbili ndani ya wiki tatu, na kila alipochovya kipimo cha uchachu tangini, kilimjibu kwa utulivu wa padri: saba. Yaani maji mazuri, hayajachachuka.

Kipimo kile hakikai sawa chenyewe. Kila wiki mbili sharti kichovywe kwenye maji yaliyokorogwa unga wa paketi ya kijani, ambayo ni saba ya hakika, kisha skrubu ya mgongoni izungushwe mpaka namba zikubaliane. Kazi hiyo aliifanya Kahigi wa Kiruruma, baba wa ubatizo wa mwanawe Ainebyona. Alikuja, akatafuna punje za kahawa ya mgeni, akatania, akazungusha.

Jumamosi masista wa parokia wangekuja kuangalia vifaranga wake wa sato. Wakiridhika, wangenunua kwake kila msimu. Migomba yake ilikuwa imemalizwa na mnyauko. Mjane huyu hakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Kahigi alilaumu chakula. Celestina akabadilisha chakula. Akalaumu jua, Celestina akafunika matangi kwa majani makavu ya migomba. Samaki wakaendelea kufa. Alipoomba paketi ajaribu mwenyewe, akaambiwa zimeadimika Kagera nzima.

Alhamisi akapanda bodaboda hadi Kiruruma kumwomba Kahigi aje mapema. Hakumkuta. Edith, mkewe, akampa shikamoo, akamwambia apite uani amsubiri penye matangi.

"Matangi gani?"

"Ya sato, dada. Hajakwambia? Masista wakitoka kwako Jumamosi, wanakuja huku."

Uani palikuwa na matangi matatu, na vifaranga wakirukaruka kama watoto waliofunga shule. Juu ya kigoda, kikombe cha maji, na kando yake paketi ya kijani imechanwa. Celestina akatoa kipimo mkobani, akakichovya kikombeni.

Kwenye maji ya saba, kikasoma tisa.

Hakusoma sana, ila kutoa mbili alijua. Saba ya nyumbani kwake ilikuwa tano. Sato wake walikuwa wakiogelea ndani ya ndimu. Na skrubu haijizungushi. Akamkumbuka Kahigi akiizungusha huku kipimo kiko ndani ya tangi lake Celestina, si kwenye maji ya paketi, akimtania kwamba samaki wananenepa kumpita mwenye nyumba. Naye alikuwa amecheka mpaka machozi.

Kahigi alipotokea, aliona kipimo kikombeni, tabasamu likamkatikia njiani.

"Mama Aine, ngoja nikueleze."

"Nipe bisibisi."

Akampa. Celestina akazungusha polepole: tisa, nane, saba. Kazi ya dakika moja. Akarudisha bisibisi, akaondoka na maelezo yakimfuata mpaka barabarani.

Alitia chokaa siku mbili, kidogo kidogo, ili uchachu upungue bila kuwashtua samaki. Masista walikuta wamebaki vifaranga mia. Wakasikitika, wakauliza kama anamfahamu huyo Kahigi, na kama maji yake ni ya kuaminika.

"Maji yake, ndiyo," Celestina akasema.

Sista mkubwa akasubiri amalizie. Celestina akainama, akachota chokaa nyingine.