Kanisa Lililofuata Sauti ya Pili

Basi la kwanza kutoka Tororo lilimshusha Laban mjini Busia asubuhi ya Jumapili, viatu vyeupe kwa vumbi la saruji na gitaa likiwa ndani ya gunia la kahawa. Alikunywa chai ya Syprose, mama muuza chai wa pale stendi, akiwa amesimama, akala kiazi kitamu kimoja, akamwachia Syprose lile gitaa nyuma ya jiko na kuazima baiskeli ya mumewe. Abiria wenzake walikuwa wakielekea kwenye mti wa kizuizi cha mpakani, wavuke waende upande wa Kenya, ambako Laban naye alikuwa na nyumba, kitanda, na usingizi wa usiku mzima aliokuwa akiudai. Yeye aligeuza baiskeli, akashika njia ya Masinya.

Laban ni nani, mtu yeyote wa Busia angekueleza. Katika miaka ile ya mwanzo wa uhuru, harusi ambayo Laban hakuipigia gitaa ilisemwa kwa kunong'ona, kana kwamba bibi harusi ana kasoro. Alipiga gitaa kavu kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada, huku rafiki yake Emojong akikwaruza chupa ya soda kwa msumari. Kila Jumamosi wafanyakazi wa saruji kule Tororo waliwachezea mpaka vumbi la kazini likawatoka nguoni. Watu waliamini kwamba nyumbani kwake kuna santuri za Kikongo zimepangwa kutoka sakafuni hadi darini. Gramafoni alikuwa nayo kweli. Aliitumia kuwekea taa.

"Sasa wewe, kama hunasikia rekodi, nasikia nini?" Emojong alimwuliza siku moja.

"Gitaa ni kazi, bwana. Nikisikia la mtu mwingine, vidole vyangu vinaanza kuhangaika vyenyewe. Fundi viatu atapumzika kwa kutazama miguu ya watu?"

Hilo halikuwa jibu, na Emojong alilijua hilo. Lakini Laban angesema ukweli angechekwa kutoka Tororo hadi Malaba, na mpiga gitaa wa baa hana kitu ila jina lake. Muziki uliomfurahisha Laban kuliko wote duniani ulikuwa nyimbo za kanisani, na katika nyimbo hizo sauti ya pili peke yake, na katika sauti zote za pili, ile ya mwanamke mmoja wa Masinya aliyeiimba akiwa kwake, mlangoni, akimenya muhogo.

Mwanamke huyo aliitwa Anjeline. Aliimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa la kijiji tangu usichana wake, hadi mumewe alipofariki. Matanga yalipokwisha, wazee wa ukoo waliketi na kumpa Anjeline kwa Osborn, mdogo wa marehemu, ili nyumba ya marehemu isizimike moto, kama ilivyo desturi. Anjeline hakuulizwa. Osborn tayari alikuwa na mke, Mildred, aliyefunga naye ndoa ya pete katika kanisa hilohilo. Basi Jumapili moja Mchungaji Chrispinus akasimama na kutangaza kwamba Anjeline sasa ni mke wa pili, jina lake limeondolewa mezani pa Bwana na katika kwaya, na asivuke tena kizingiti cha kanisa. Osborn alikuwa ameketi benchi la mbele. Tangazo lilipokwisha aliinuka, akapitisha kikapu cha sadaka kama kawaida yake, maana ndoa yake yeye haikuwa na doa. Hakuna aliyeona ajabu.

Anjeline akabaki kwake, ng'ambo ya shamba la muhogo la jirani yao, mzee Obbo. Kwaya ilipoanza kuimba kule kanisani, yeye aliitikia sauti yake akiwa mlangoni. Waliokuwa ndani walisikia wimbo wenye pengo. Waliokuwa kwa Anjeline walisikia mwanamke anayeimba peke yake vitu visivyo na kichwa wala miguu. Mahali pamoja tu wimbo ulikuwa mzima, nako ni katikati ya muhogo wa Obbo.

Laban alipagundua kwa sababu ya pancha. Alikuwa akisukuma baiskeli kwenye kijia cha shambani wimbo ulipomfikia masikioni kutoka pande mbili, ukakutana kichwani mwake. Akatazama mikono yake. Vidole vilikuwa vimelala. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kulipwa kwa kupiga gitaa, vidole vya Laban vilikuwa vimelala na yeye yu macho. Alilia kidogo, halafu akaziba pancha. Tangu siku hiyo alikuja kila Jumapili. Mlango wa kanisa haukuwa wake, kwani wazee walikwisha sema kwamba anayewapigia walevi Jumamosi asijipake utakatifu Jumapili, kwa hiyo alikaa palepale kwenye muhogo. Obbo hakumfukuza, ilimradi ang'oe magugu akisikiliza.

Kanisa lilianza kusogea mwishoni mwa msimu wa mvua.

Lilisogea upana wa mkeka mmoja kuelekea kwa Anjeline kila Jumapili ambayo aliimba, kuta za udongo, mabati, mabenchi na watu wake, bila kumwaga hata maji ya ubatizo. Wa kwanza kulitambua alikuwa mpiga kengele. Kengele ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini, na mti haukuwa na safari, kwa hiyo ilimbidi agonge kisha akimbie ndiyo awahi sala ya kwanza. Baada ya wiki kadhaa akaomba aletewe rimu nyingine. Makaburi yalibaki nyuma, na ukazuka ubishi kama mtu akizikwa pale bado atahesabiwa amezikwa kanisani. Obbo alipeleka malalamiko kwamba kanisa limeukalia muhogo wake. Wazee wakamtaka awe na subira, na kweli, kanisa lilipopita muhogo ulitokeza upande wa pili, majani mabichi, umesimama wima kuliko wa majirani. Obbo akapanda zaidi.

Laban naye alihama kidogo kila wiki, kwa kuwa katikati ilikuwa ikihama. Wakati huo nafasi baina ya kanisa na mlango wa Anjeline ilikuwa imebaki mikeka michache, na kadiri ilivyopungua ndivyo wimbo ulivyonoga. Alichotaka Laban kilikuwa kitu kimoja tu. Alitaka, kabla hajafa, amsikie Anjeline akiimba bega kwa bega na Mildred, aliyekuwa na sauti ya kwanza, ndani ya chumba kimoja. Mambo mengine ya dunia aliyaachia wenyewe.

Jumapili hiyo aliyoazima baiskeli, alifika akakuta Mchungaji Chrispinus yuko uani kwa Anjeline kabla ya ibada, kofia mkononi. Laban aliinamia magugu, akasikia yote.

"Anjeline, dada yangu, sikiza. Kanisa haiwezi kufuata mwanamke."

"Mimi siiti kanisa, Mchungaji. Mimi naimba tu."

"Basi acha kuimba. Ukiimba tena, hata Sunday moja, Osborn atakurudisha kwenu Bulumbi. Tumeongea na yeye, na amekubali. Na watoto unajua. Watoto ni ya ukoo, watabaki hapa."

Anjeline alikuwa na watoto watatu. Alitazama kisu alichomenyea muhogo, akakiweka chini. "Nimesikia," alisema. Siku hiyo hakuimba. Laban alirudi Busia akisukuma baiskeli ambayo haikuwa na pancha.

Usiku wa Jumamosi iliyofuata alipiga gitaa vibaya kule Tororo, ingawa aliyelijua hilo ni Emojong pekee. Asubuhi aliposhuka Busia alikuta jiko la Syprose limezimwa, kwa kuwa Syprose alikuwa amekwenda msibani. Hapakuwa na chai, baiskeli, wala mahali pa kuacha gitaa. Akalitia begani, akaenda Masinya kwa miguu, na alipofika ibada ilikuwa imeshaanza.

Kanisa lilikuwa limesimama palepale lilipoachwa, ukingoni mwa ua wa Anjeline. Halikwenda mbele wala halikurudi nyuma. Kwaya iliimba, na pengo lake lilikuwa kubwa kuliko zamani, kiasi kwamba Mildred mwenyewe aliyumba kila mwisho wa ubeti kama mtu anayekosea ngazi. Anjeline alikuwa mlangoni kwake, midomo imefungwa, mikono miwili ndani ya beseni la muhogo. Uso wake ulikuwa wa mtu anayezuia kikohozi.

Laban alihisi uchungu wa kweli. Alifikiri hivi: mwanamke huyu hawezi kuimba, ila gitaa halina watoto wa kunyang'anywa. Akalitoa guniani, akafunga kipande chake cha penseli kwa mpira kwenye shingo ya gitaa ili nyuzi zipande sauti, akaketi kwenye tuta la mwisho la Obbo na kuanza kupiga sauti ya pili. Aliijua yote. Alikuwa ameisikiliza Jumapili zote hizo.

Mstari wa kwanza ulikwenda sawa. Wa pili pia. Lakini gumba la mpiga gitaa wa baa lina tabia zake, na mwisho wa mstari wa tatu, pale sauti inapotakiwa kushuka taratibu kama mtu anayetua mtungi, gumba lake lilipanda juu, likakata kiuno mara mbili na kurudi. Kule Tororo wangempigia mbinja.

"Hapana!" Anjeline alisimama, maji ya muhogo yakimchuruzika viganjani. "Wewe baba, hapo haipandi! Nani alikufundisha hiyo? Hapo nashuka!"

Na akamwonyesha. Aliimba mstari wote wa tatu, akashuka nao mpaka chini palipostahili, halafu akajiziba mdomo kwa mkono. Alikuwa amechelewa.

Kanisa lilimaliza mikeka yote iliyobaki kwa mara moja. Lilikuja bila haraka, ukuta wa mbele ukapita juu ya tuta la Obbo, juu ya Laban na gitaa lake, juu ya beseni, juu ya kuku watatu, ukasimama nyuma ya nyumba ya Anjeline. Vumbi lilipotulia nyumba ilikuwa ndani, na mafiga yake, na kamba ya nguo. Benchi la kwaya lilikuwa limefika mlangoni kwake. Mildred aliketi mwisho wa benchi hilo. Alimtazama mke mwenzake toka kichwani hadi miguuni, kisha akawageukia wanakwaya.

"Sogeeni," alisema. "Mwenzangu akae."

Walisogea. Mchungaji Chrispinus alifunga kitabu chake cha nyimbo, akaweka kidole kati ya kurasa asipoteze mahali.

"Osborn," aliita. "Neno letu ni lile."

Osborn alisimama, akasafisha koo. Kabla hajasema, Mildred alimwambia mumewe bila kugeuka:

"Mpeleke tu Bulumbi, Baba Laurenti. Mpeleke hata leo. Lakini mujue, yeye akienda, kanisa nayo nakwenda. Na kwa ile maji ya mafunjo, sisi tutavuka namna gani kila Sunday? Na wenye mimba, na wazee?"

Waumini walilitafakari jambo hilo. Waliyatazama mabati, ambayo waliyachanga miaka minne. Waliifikiria njia ya Bulumbi wakati wa mvua. Mpiga kengele alifikiria mbio. Mzee Obbo, ambaye hakuwa muumini na alikuwa ameingia tu kwa kuwa alikuwa shambani ukuta ulipopita, alisema kutoka nyuma kwamba yeye muhogo wake anautaka hapahapa.

"Aimbe," alisema mzee mmoja wa kanisa.

"Aimbe," wakasema wengine.

Osborn akaketi. Mchungaji Chrispinus akafungua kitabu pale palipokuwa na kidole, akatangaza ubeti wa nne.

Wakaimba. Sauti ya Mildred ilipaa, na ya Anjeline ikaipokea kwa chini, na zile za wanaume zikapata mahali pa kukanyaga. Mabati yalitetemeka. Kuku waliacha kudonoa. Laban alikuwa ameketi sakafuni kwenye tuta la muhogo, gitaa mapajani, na furaha ilimjaa mpaka akaiogopa. Kitu alichokitaka kabla hajafa kilikuwa kimetimia na yeye bado yu hai, tena hajala hata asubuhi. Alitazama vidole vyake. Vilikuwa vimelala fofofo.

Wimbo ulipokwisha Mchungaji alibariki mkate. Sahani ilipita kwenye benchi la kwaya kutoka mkono hadi mkono. Ilimfikia Mildred, akamega. Aliyeketi ng'ambo ya Anjeline akanyoosha mkono, sahani ikapita juu ya magoti ya Anjeline na kuendelea, kwa kuwa tangazo lilikuwa bado ni tangazo. Laban aliiona ikipita, na Mildred aliiona. Kisha Osborn aliinuka na kikapu cha sadaka, na kikapu kilisimama mbele ya Anjeline kama kilivyosimama mbele ya wengine wote. Akatia yai la kuku wake. Osborn akamshukuru.

Waliimba wimbo wa mwisho, mrefu, na Anjeline aliushusha kila mahali ulipotakiwa kushuka. Baada ya baraka waumini walikusanya watoto na viatu vyao. Laban alirudisha gitaa guniani. Walitoka mmoja mmoja, wakikwepa kamba ya nguo, na baada ya muda kila mtu alikuwa nje ya kanisa isipokuwa Anjeline, ambaye alikuwa kwake.