Kona ya Kivulini

Walikuwa wameshapita kanisa la Wabaptisti na gari linapanda mlima, Duane akiendesha kwa mkono mmoja kama mtu anayefukuza nzi, ndipo Coy alipogundua kwamba kiti alichokalia kina joto. Kinapashwa moto kwa umeme. Akakidharau papo hapo. Mwanamume anayetaka kupikwa makalio ndipo atazame milima ana kasoro mahali.

Hakuna aliyemwalika Coy. Dada yake Verlene, mjane wa miaka mingi, alikuwa amemwahidi huyu Duane wa Florida, kusiko na theluji wala milima, kwamba jibu la posa atampa mwisho wa matembezi ya leo. Akisema ndiyo, atahama milima hii ya Blue Ridge, na Coy atabaki peke yake katika nyumba ya wazazi wao, yeye na jiko ambalo hajawahi kuliwasha. Kwa hiyo alijipakia kiti cha nyuma aende kuiangusha posa.

Kazi ilionekana nyepesi. Duane alivaa koti jipya, lebo bado inaning'inia kwapani. Kila palipo na ukingo wa kutazamia bonde alisimama akapiga picha. Alipiga picha hata pipa la taka, eti lina theluji juu.

"Shemeji, umeuona ukuu huu?"

"Nimeuona tangu nizaliwe. Na mimi si shemeji yako."

"Bado kidogo tu."

"Kidogo hicho ndicho kirefu."

Verlene alicheka, akawagawia mikate ya soseji. "Kula, Coy. Mdomo wako ukiwa na kazi unakuwa na adabu."

"Lakini mnaishije na baridi hii?" Duane akauliza.

"Kwa kutotembelewa," Coy akamjibu.

Barabara ile haimwagwi chumvi ya kuyeyusha barafu wakati wa baridi. Theluji ikizidi, walinzi wa hifadhi hufunga mageti ya barabara, basi. Siku hiyo mageti yalikuwa wazi, jua linawaka, lami kavu. Lakini mwenyeji yeyote anaijua kona iliyo baada ya handaki linalopenya mlima. Jua haliigusi tangu Novemba. Maji huchuruzika mwambani yakaganda kuwa barafu barabarani.

Na watu wa mlimani wana desturi yao: aliyeshika usukani haambiwi. Kumwelekeza dereva ni kumvunjia heshima mbele ya abiria wake. Ni desturi ya watu wenye kiburi. Imewazika wengi, na walio hai bado wanaisifu. Coy alijificha nyuma ya desturi hiyo. Mwenye macho haambiwi tazama, akawaza kwa raha, akiliona tayari lile koti jipya likisukuma gari lililokwama mtaroni. Wakaingia handakini. Verlene akageuka nyuma kumpa kikombe cha kahawa. Coy akatikisa kichwa. Mkono wake ulikuwa umeshashika kishikio kilicho juu ya mlango.

Gari lilipotoka gizani liliteleza kwenye barafu, likageuka ubavu bila kelele, likauchungulia mteremko, kisha likarudi na kujikita mtaroni upande wa mwamba. Kahawa ya moto ilimwagikia Verlene mkononi. Duane alimtoa nje, akauzika mkono ule ndani ya theluji.

"Kumbe Florida hawafundishwi kukata kona," Coy akasema.

Verlene hakumcheka Duane. Alimtazama ndugu yake.

"Nilikupa kikombe, hukupokea. Ulishika kishikio."

"Sasa?"

"Tulikuwa bado handakini, Coy. Ulijua. Ukajishikilia wewe."

"Dereva haambiwi, dada. Baba mwenyewe asingesema neno."

"Asingesema, kweli. Na mama angezikwa naye. Ujinga mnaurithishana kama saa ya ukutani."

"Nilitaka umwone alivyo."

"Nimemwona. Na wewe nimekuona." Akamgeukia mwenzake. "Duane, jibu lako ni ndiyo. Sasa tafuta koleo."

Hapakuwa na koleo. Duane alichimba kwa sahani ya mikate, na Coy akasimama kando, mikono mifukoni, mpaka mlinzi alipopita na lori lake akawavuta.

Verlene na Duane walioana majira ya kuchipua, mbele ya hakimu. Wanaishi Florida. Mkono wa Verlene ulipona ukabaki na alama. Duane hajapanda mlima tena, na gari lile waliliuza. Coy yuko katika nyumba ya wazazi, anakula maharage ya kopo bila kuyapasha. Akipata wa kumsikiliza, humweleza kwamba watu wa bondeni hawajui kuendesha.