Ndiyo ya Baba

Baba alikuwa mwalimu mstaafu. Wanafunzi walimbandika jina la Nukta, maana hakuwahi kusamehe sentensi isiyo na nukta. Kwa miaka sita tulitunga naye kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya shule, yeye akifafanua, mimi nikichapa, katika chumba cha nyuma ya duka letu la vitabu.

Asubuhi tuliyogombana tulikuwa tumefika kwenye neno "thematic".

"Asili yake Kigiriki," alisema, akivua miwani. "'Thema', kitu kilichowekwa. Mtu anaweka jambo mbele ya watu, wanalijadili. Ndipo ikapatikana sifa hii: kinachohusu jambo kuu la hadithi, au la wimbo. Sisi tunasema dhamira, lililofichwa moyoni. Wenzetu wanaweka mezani, sisi tunaficha! Andika hivyo hivyo."

"Baba, nafasi ni mistari miwili. Naandika '-a mada', basi."

"Mada ni ganda tu, mwanangu. Kiini je?"

Nilikuwa nimechoka. "Watoto wa shule hawana haja na Kigiriki chako. Kamusi hii ingekwisha mwaka juzi kama si domo lako."

Alichukua kofia yake, akaenda zake nyumbani.

Kesho yake kiharusi kilimwangusha bafuni. Alipozinduka hospitalini maneno yote yalikuwa yamemtoka, limebaki moja tu: ndiyo.

Nilimpelekea karatasi yetu. "Baba, tuandike mada?"

"Ndiyo."

"Au dhamira?"

"Ndiyo."

Nikamshika mkono. "Yale niliyokuambia, umenisamehe?"

"Ndiyo," alisema, upesi vilevile.

Nililia kwa furaha, mpaka mama aliponivuta nje ya wodi.

"Usijidanganye, mwanangu. Jana nilimuuliza kama mimi ni dada yake. Akasema ndiyo."

Wiki ya tatu tulimzika.

Niliporudi mezani nilifuta maneno mawili jirani nipate nafasi, nikaandika yote: Kigiriki, kuweka, dhamira, na mada pia. Mhariri akapiga simu. "Dada, hapa pamerefuka mno."

"Paache."

"Lakini..."

"Nimesema paache!"

Akapaacha.

Kamusi imetoka, na wateja hunipongeza. Mama hataki kuiona ndani ya nyumba, kwa hiyo nakala yangu iko dukani, rafu ya chini. Ukurasa ule sijaufungua.