Aya ya Tatu

Tangu asubuhi Arlene Voigt hakutulia. Alifuta ubao uliokuwa safi, akafungua dirisha, baridi ya Machi ya Dakota ikamchapa usoni, akalifunga. Jioni hiyo bodi ya shule ingeamua kama darasa lake liendelee au lifutwe. Lilikuwa darasa la fasihi ya Marekani na uandishi kwa wanafunzi hodari, na alilianzisha mwenyewe kabla mvi hazijamtoka.

Kana kwamba hayo hayatoshi, mchana akaingia Signe Haugland, mwanafunzi wake bora, bila hata kubisha hodi, uso umemshuka.

"Mwalimu, baba ameiona insha yangu."

"Insha ipi?"

"Ile ile. Anasema leo ataisoma mbele ya bodi."

Arlene aliketi. Akasimama tena.

Kila mwaka, kabla ya mtihani mkuu wa Mei, aliwapa wanafunzi zoezi ambalo mji mzima ulilijua, maana hata wazazi wao walilifanya kwake. Mwanafunzi anachagua kitu anachokipenda, kisha anaandika kukipinga. Si kwa mzaha, kwa nguvu zake zote. "Ukifika aya ya tatu hujaanza kuyaamini maneno yako," aliwaambia kila mara, "chana, anza upya." Wiki inayofuata mwanafunzi anajijibu mwenyewe. Signe alikuwa amechagua kulipinga darasa hili hili, na Arlene aliipa insha alama za juu kabisa, akaisoma kwa sauti darasani huku kichwa kimemvimba kwa fahari. Sasa aliujutia ujinga wake.

"Jibu lako liko wapi?"

"Bado, mwalimu."

"Lilitakiwa jana, mama."

"Najua." Msichana alikuwa akivutavuta mkono wa sweta yake.

"Basi kaliandike. Baba yako akimaliza kusoma, unasimama unamjibu. Tunawamaliza pale pale."

Signe aliondoka polepole. Arlene akadhani ni woga.

Jioni watu walijaa katika bwalo la shule, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa. Arlene alikaa mbele, akahamia nyuma, akarudi mbele. Hotuba yake ilikuwa mfukoni, na kila dakika mkono ulikwenda kuipapasa. Dale Haugland, baba yake Signe, muuza matrekta na mjumbe wa bodi, alisimama akikohoa.

"Mwalimu, usinichukie. Nilikaa dawati la nyuma kwako, ukanipa alama za huruma."

"Haikuwa huruma, Dale. Nilitaka uondoke."

Bwalo zima likacheka, na Dale pia. "Ndiyo maana leo sisomi ya kwangu. Nasoma ya binti yangu."

Akasoma. Insha ilisema kwamba mwalimu bora kuliko wote mjini amefungiwa chumbani na watoto wachache ambao wana vitabu tele nyumbani na wangefaulu hata bila yeye. Chumba cha pili, watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha nyama wanamaliza shule bila kuweza kuandika ukurasa mmoja wa kuombea kazi. Kicheko kilikufa. Watu wa kiwandani, waliokaa karibu na mlango, waliacha kunywa kahawa yao.

Arlene alisikiliza kama anayesahihisha. Alitafuta tundu, sentensi moja legelege ya kuishika, asiipate. Alikuwa ameyaziba matundu yote yeye mwenyewe, kwa kalamu nyekundu, mwaka mzima.

"Mwalimu, una neno?" aliuliza Bi Pruitt, mwenyekiti.

"Atajibu binti mwenyewe. Ndivyo zoezi lilivyo."

Signe akasimama, mikono mitupu. Hakumtazama baba yake. Alimtazama mwalimu.

"Sina jibu," alisema. "Nimeandika nikachana, nimeandika nikachana. Kila nilichoandika kilikuwa kinasema tu kwamba nalipenda hili darasa." Alivuta mkono wa sweta yake. "Na nalipenda kweli. Lakini hilo si jibu, mwalimu."

Hasira ilimpanda Arlene hadi masikioni. Aliona amegeukwa na mtoto aliyemlea. Alitamani kumwambia kaa chini, wewe unajua nini. Lakini msichana alikuwa bado amesimama, anasubiri, kama walivyosubiri wote mbele ya meza yake kwa miaka mingi, wakitaka kuambiwa kweli.

"Ulianza kuyaamini lini?" aliuliza.

"Aya ya tatu."

Bi Pruitt aliuliza kwa upole kama mwalimu ana la kuongeza kabla ya kura. Arlene alitoa hotuba yake mfukoni, akavaa miwani, akaisoma kimya mpaka aya ya tatu, akaichana.